Trekta kuukuu linapogoma kuwaka Luzira

Trekta likigoma kuwaka mbele za watu, kila anayepita huwa na jibu. Mmoja atasema koili imekufa. Wa pili atasema ni betri. Wa tatu atataka lisukumwe hadi mteremkoni, na kijana wa bodaboda aliyeegesha pembeni ataapa kwamba la mjomba wake lilifanya hivyo hivyo likapona kwa plagi mpya. Mwenye trekta huwasikiliza wote. Hununua koili, hununua plagi, hununua na kondensa, na jioni trekta bado liko pale pale. Hali hiyo nimeiona mara nyingi kando ya ziwa, huku Luzira, na inaniuma kwa sababu fedha inayopotea ni ya watu ambao hawana fedha ya kupoteza.

Ugonjwa wa moto, yaani umeme wa kuwashia injini, katika trekta la zamani hufuatwa hatua kwa hatua, kuanzia kwenye betri hadi kwenye ncha ya plagi. Chombo kinachohitajika zaidi ni balbu moja ya taa ya nyuma ya gari iliyofungwa waya mbili. Dukani huendwa mwisho, baada ya kujua moto unaishia wapi.

Wengi nje ya Kampala wanaijua Luzira kwa gereza lake kuu, na wengine kwa kiwanda cha bia cha Uganda Breweries kilichoanzishwa mwaka 1946. Lakini Luzira ni bandari. Bandari hiyo, Port Bell, ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia mwaka 1906, na kabla ya reli kuu kufika Kampala mwaka 1931, mizigo iliyotoka Mombasa ilishushwa Kisumu, ikavushwa ziwa kwa meli na kupakuliwa hapa. Mashine nyingi nzito ziliingia Uganda kwa njia hiyo ya maji.

Maji hayo ndiyo yanayozichosha mashine leo. Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, haina chumvi kama bahari ya Mombasa au Unguja, kwa hiyo chuma hakiliwi kwa kasi ile, lakini unyevu wake hauishi. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaivunja rekodi ya mwaka 1964, na watu wa kandokando walihama. Hata katika mwaka wa kawaida, trekta likilala nje karibu na maji huamka na umande ndani ya kofia ya distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche, shaba ya waya hugeuka kijani, na pale waya wa athi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, unapofungwa kwenye chasisi hujengeka kutu isiyoonekana mpaka uufungue. Fundi wa Luzira asiyeanza na unyevu atazunguka sana.

Kabla ya yote, mtu ajue ana trekta la aina gani. Matrekta mengi yanayofanya kazi Uganda ni ya dizeli, na injini ya dizeli haina cheche kabisa: hewa hubanwa hadi ikawa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe. Mwenye Massey Ferguson 135 ya dizeli akisema ana tatizo la moto, maana yake ni swichi, betri, stata au nyaya zake. Habari ya koili na plagi haimhusu, na akiuziwa koili ameibiwa. Nitarudi kwake baadaye.

Wenye cheche ni wale wa petroli, na kati yao hakuna aliye maarufu kama Ferguson ya kijivu, TE20. Ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni, nyingine zikiwa za petroli, nyingine za mafuta mazito yanayokaribiana na mafuta ya taa, na baadaye za dizeli pia. Zilisambaa dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Aliyezibuni, Harry Ferguson, ndiye aliyeipa dunia mfumo wa kufunga jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, mfumo ambao matrekta karibu yote yanautumia hadi leo. Na tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary, yule yule aliyefika kilele cha Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiendesha Ferguson. Mashine iliyovuka barafu ile haiwezi kushindwa na umande wa Luzira, kama anayeitunza anajua umeme wake unavyopita.

Na unapita hivi. Betri hutoa volti 12. Cheche ya plagi inahitaji volti elfu kumi na zaidi ili iruke ndani ya silinda iliyobanwa hewa na petroli. Kazi ya kuzizalisha ni ya koili, ambayo ndani yake mna waya mbili zilizosokotwa juu ya chuma kimoja: nene yenye mizunguko mamia machache, na nyembamba yenye maelfu mengi. Umeme wa betri hupita kwenye ile nene, ukaingia ndani ya distributa na kukuta pointi, yaani vichwa viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Pointi zikigusana, umeme hupata athi na sumaku hujengeka ndani ya koili. Nundu ya mhimili wa distributa ikizitenganisha, umeme hukatwa ghafla na sumaku huporomoka, na ndipo volti kubwa huzaliwa kwenye waya nyembamba, kama bomba la maji linavyopiga kishindo ukilifunga kwa mara moja. Kondensa hukaa pembeni ya pointi ikimeza umeme ambao ungependa kuruka pale zinapoachana. Bila kondensa nzima ukataji huwa mzito, cheche hunyong'onyea na pointi huungua.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kitendo hicho hutokea mara 3,000 katika dakika hiyo hiyo. Mara hamsini kila sekunde, siku nzima shambani. Mmarekani Charles Kettering aliutengeneza mfumo huu zaidi ya miaka mia iliyopita, na sijaona sababu ya kuudharau. Kila sehemu yake inaonekana kwa macho na inapimika kwa balbu.

Niliona balbu hiyo ikifanya kazi kwenye Ferguson ya afande mmoja mstaafu wa magereza, ambaye hulitumia trekta lake kuvuta tela la mbao na mkaa unaoshushwa kutoka visiwani. Alikuwa ameshanunua koili mbili. Moja ilikuwa imefungwa, nyingine iko mfukoni mwa koti, bado ndani ya boksi lake.

"Fundi, hii nayo iko mbovu. Nirudishe dukani?"

"Afande, tulia kwanza. Tutafute moto unaishia wapi."

Fundi alianza kwenye betri, ingawa wote tuliokuwepo tulitaka aanze kwenye koili. Mita ilisoma volti 12.4, si haba kwa betri iliyolala. Lakini vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe wenye kijani. Alivifungua, akavimwagia maji moto yaliyotiwa magadi mpaka povu likaisha, akavisugua kwa msasa, kisha akafanya hivyo hivyo upande wa pili wa waya wa athi, pale unapoingia kwenye chasisi. Upande huo husahauliwa mno. Akasogeza gia kwenye herufi S, maana Ferguson hizo huwashwa kwa mkono wa gia wenyewe, na stata ikazunguka kwa nguvu kuliko asubuhi. Cheche, hakuna. Alichomoa waya wa katikati wa distributa, akaushika kwa koleo lenye mpira karibu na chuma cha injini, mbali na kabureta, na hapakuruka kitu.

Ndipo akatoa balbu. Waya mmoja wa balbu aliufunga kwenye chuma cha trekta, wa pili akaugusisha kwenye kichwa cha koili kilichoandikwa SW, ambako umeme huingilia kutoka kwenye swichi. Ikawaka. Kwa hiyo swichi nzima, na waya wake mzima. Akauhamishia kwenye kichwa cha CB, ambako umeme hutokea kwenda kwenye pointi, akamwambia kijana wake azungushe injini. Hapo balbu inapaswa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kadiri pointi zinavyoachana na kugusana. Balbu iliwaka moja kwa moja bila kupepesa.

Jibu lilikuwa limeshapatikana, na shilingi haijatumika. Umeme unaingia kwenye koili, unatoka, lakini haupati athi ndani ya distributa. Kungekuwa na giza tupu kwenye CB, ingekuwa habari nyingine: pengine waya umegusa chuma mahali, au kondensa imepiga shoti, au koili yenyewe imekatika ndani. Balbu inayowaka muda wote huelekeza kwenye pointi na waya unaozifikia.

Akafungua kofia. Pointi zilikuwa na utando wa kijivu, akazipitishia msasa laini, kisha kipande cha karatasi safi ili kuondoa vumbi la msasa. Balbu haikubadilika. Kisha akakishika kile kiwaya kifupi kinachoingiza umeme ndani ya distributa, hakizidi urefu wa kidole, akakivuta taratibu. Kilinyooka kama mpira. Ganda la nje lilikuwa zima, halina hata mchubuko, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika kwa mtikisiko na umri. Alikata kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, akakifunga mahali pake, akaziseti pointi kwa fila geji kwenye mwanya wa karibu milimita 0.3, akarudisha kofia. Ferguson ikawaka kwa mzunguko wa tatu wa stata.

Koili zote mbili zilikuwa nzima tangu mwanzo. Ile ya mfukoni duka lilikataa kuirudisha.

Pointi ndizo zinazoomba uangalizi wa mara kwa mara kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo huu. Mwanya ukiwa mdogo mno, hazikati umeme sawasawa na trekta huwaka kwa shida. Ukiwa mkubwa mno, sumaku haipati muda wa kujaa na cheche hupotea injini ikienda mbio. Kiguu kinachosukumwa na nundu hulika kidogo kidogo, kwa hiyo mwanya hupungua wenyewe hata usipogusa kitu. Tone la grisi kwenye nundu linatosha. Ukiweka nyingi itarushwa hadi kwenye pointi na utaanza upya. Ukizikuta zimeungua na kugeuka bluu mapema, usizilaumu zenyewe, iangalie kondensa.

Kofia ya distributa nayo ichunguzwe kwenye mwanga wa jua. Ufa mwembamba au mstari mweusi kama wa penseli kati ya kichwa kimoja na kingine ni njia ambayo umeme umejichongea, na unyevu wa asubuhi ukiingia humo, cheche huenda kusikotakiwa. Ndiyo sababu trekta linalogoma saa kumi na mbili asubuhi huwaka saa nne bila kuguswa. Kitambaa kikavu ndicho dawa ya kwanza. Na wanaopeleka trekta likaoshwe kwa mashine ya maji wamwombe mwoshaji asielekeze bomba kwenye distributa.

Kosa jingine linalochosha watu ni la betri kufungwa kinyume. Kwenye Ferguson za zamani, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, upande unaofungwa kwenye chasisi ni chanya. Magari ya leo hufunga hasi. Kijana aliyezoea Toyota akibadilisha betri hufunga alivyozoea, na injini inaweza ikawaka kweli, lakini cheche huwa dhaifu, na dainamo na regyuleta yake huweza kuungua. Anayetaka kubadilisha kwa makusudi anaweza, mradi ageuze pia nyaya za koili na aiandae dainamo kwa mwelekeo mpya. Asiyejua namna aache ilivyo.

Halafu kuna lile trekta linalowaka vizuri, likalima au kuvuta kwa nusu saa, likazimika, likapoa, likawaka tena. Hapa watu hugombana sana. Koili au kondensa yenye ufa wa ndani hufanya hivyo kwa joto, lakini kifuniko cha tenki chenye tundu lililoziba hufanya vile vile, kwa sababu petroli haishuki bila hewa kuingia. Ukweli hupatikana katika dakika ile ile linapozimika: pima cheche papo hapo, injini ikiwa bado ya moto. Ikiwepo, nenda kwenye mafuta. Isipokuwepo, nenda kwenye koili na kondensa. Ukisubiri lipoe ushahidi umeshapotea. Mafundi wa zamani husikiliza pia namna linavyozimika. Linalokata ghafla, kama limefungwa swichi, mara nyingi ni la umeme. Linalokohoa na kufifia ni la mafuta.

Ikishathibitika kwamba kipuri kimekufa, ndipo safari ya kutafuta vipuri Kisekka au Katwe, jijini Kampala, inapoanza. Uganda ina historia yake hapa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90, na pamoja nao yakafungwa maduka mengi yaliyoagiza vipuri. Kizazi cha mafundi wa Katwe kilijifunza kuchonga, kuunga na kufufua, kwa sababu hakukuwa na la kununua. Leo vipuri vimejaa, na tatizo limegeuka: kondensa mpya inaweza kufa ndani ya wiki, wakati ile ya zamani ilidumu miaka. Usiitupe ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi. Na koili usiinunue kwa kuitazama sura. Koili ya volti 12 isiyohitaji rezista husoma takriban omu 3 hadi 4 kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Ikisoma kama 1.5, hiyo ni ya mfumo wenye rezista, na ukiifunga bila rezista itachemka na kuziunguza pointi. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu upime palepale kaunta.

Sasa mwenye dizeli. Kwake hatua ni chache: betri na vichwa vyake, athi, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama, stata. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haiwaki, tatizo si la umeme wa stata tena. Atazame kama kebo ya kuzimia imerudi mahali pake, kama kichujio kimeziba, kama kuna maji kwenye mafuta au hewa kwenye bomba. Lakini ikiwa ufunguo unageuzwa na stata iko kimya, aangalie kwanza ile swichi ndogo ya usalama. Kwenye Massey Ferguson nyingi stata haipati umeme mpaka mkono wa gia ya juu na chini uwe katikati. Swichi hiyo ikishika kutu, trekta hunyamaza kabisa.

Na hapa ndipo panaponitia hofu. Badala ya kuisafisha, watu huiruka. Wanaunganisha nyaya zake moja kwa moja, au wanasimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma wakagusanisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Injini huwaka, na kama gia iliachwa ndani, trekta huondoka papo hapo. Aliyesimama mbele ya gurudumu la nyuma hana muda wa kuruka. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na wanaofanya hivyo mara nyingi ni wazoefu, waliofanya mara mia bila kudhurika. Kuteremsha trekta mlimani ili liwake lenyewe ni hatari ya aina hiyo hiyo, hasa likiwa na tela, maana breki za matrekta mengi ya umri huu si za kutegemewa.

Ujuzi wa pointi na kondensa uko mikononi mwa wazee. Vijana wanaotoka kwenye vyuo vyetu vya ufundi, kile cha Nakawa kikiwa hapo jirani, wanajua kusoma kompyuta ya gari, na hilo ni jema. Wengi wao hawajawahi kufungua kofia ya distributa. Kijana anayesoma ufundi wa magari amwombe fundi mzee amwonyeshe mara moja jinsi balbu inavyopepesa kwenye CB, na mzee asimnyime.

Wewe mwenye trekta, kabla hujatuma mtu Kisekka, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho moto unaishia wapi. Asipoweza kukuonyesha, usinunue. Na kama swichi ya usalama ya trekta lako imerukwa kwa waya, imulike wiki hii, isafishe au nunua nyingine, uirudishe mahali pake kabla mtu mwingine hajapanda kwenye kiti hicho.